Kifafa Hakingoji Mlipuko Upite



Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ya Tanzania ilitangaza kupatikana kwa mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, na siku iliyofuata likatolewa agizo la kufunga shule. Tangu hapo, kuanzia wizarani mpaka ofisi ya mtendaji wa kijiji, hapakuwa na jambo lililozungumzwa kuliko mlipuko. Ndoo za maji na sabuni zikawekwa milangoni, viti vikatenganishwa, mafundi cherehani wa mitaani wakashona barakoa. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na waliojitolea kuifanya wanastahili heshima. Lakini mpango wa kupambana na mlipuko haupimwi kwa ndoo peke yake. Hupimwa pia kwa jinsi unavyomtazama mwananchi ambaye alikuwa mgonjwa tangu kabla ya mlipuko, na ambaye uhai wake umefungwa kwenye kidonge kimoja au viwili kwa siku. Mazungumzo haya yanamhusu mmoja wa wananchi hao, yaani mgonjwa wa kifafa.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wenye kifafa ulimwenguni ni milioni 50 hivi, na kwamba karibu 80 katika kila 100 kati yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo lasema tena kwamba wagonjwa hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa mapema na kupewa dawa inayofaa, na kwamba dawa ya mwaka mzima yaweza kugharimu kiasi kidogo kama dola 5 za Marekani. Hata hivyo, katika nchi maskini wagonjwa watatu katika kila wanne hawapati tiba wanayoihitaji. Hiyo ndiyo hali ya siku za kawaida, kabla virusi havijabisha hodi.

Kifafa si laana, si pepo, wala si wazimu. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana unaopita kutoka chembe moja hadi nyingine kwa utaratibu. Kwa mwenye kifafa utaratibu huo huvurugika ghafla. Chembe nyingi hutoa umeme kwa pamoja, mtu hupoteza fahamu, huanguka, hukakamaa na kutetemeka. Wapo pia wasioanguka kabisa, bali hukodoa macho na kunyamaza kwa kitambo kidogo, nao aghalabu hudhaniwa na mwalimu kuwa watoto wazembe wanaosinzia darasani. Sababu ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kupanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, pigo la kichwa, viluwiluwi vya tegu wa nguruwe kuingia ubongoni, na mara nyingine sababu haipatikani. Vidonge haviondoi chanzo. Kazi yake ni kuzuia ule umeme usilipuke, na huweza kufanya hivyo kwa muda ule tu vinapokuwamo katika damu kwa kiasi cha kutosha.

Mzizi wa jambo lote ni hapo. Mtu aliyezoea fenobabitoni, dawa ambayo ndiyo tegemeo la zahanati nyingi kwa sababu ya bei yake nafuu, akiiacha ghafla, kifafa humrudia, na pengine kwa nguvu kuliko mwanzo. Ubaya wa mwisho ni kifafa kisichokoma, yaani degedege linalozidi dakika tano, au linalorudi kabla mgonjwa hajapata fahamu. Hali hiyo yaweza kuua, na yaweza kumwacha aliyenusurika akiwa na ubongo ulioharibika. Kwa hiyo mgonjwa wa kifafa anayekosa vidonge vyake kwa wiki moja kwa sababu ya mlipuko aweza kufa bila ya kirusi chochote kumgusa, na katika daftari la mlipuko kifo chake hakitaandikwa popote.

Virusi navyo vina sehemu yake. Kuwa na kifafa peke yake hakumfanyi mtu aambukizwe UVIKO-19 kwa urahisi kuliko wengine. Lakini homa kali, kutapika, kukosa usingizi na wasiwasi wa siku nyingi ni mambo yanayojulikana kwa kuchochea kifafa. Anayetapika hutapika na dawa. Anayelala kitandani kwa homa husahau saa ya kidonge. Tena katika nchi yenye malaria, homa ya mwenye kifafa haiwezi kuachwa nyumbani kwa kudhaniwa kuwa ni UVIKO tu. Yampasa apimwe malaria siku hiyohiyo, maana malaria yenyewe huleta degedege.

Jinsi mnyororo wa dawa unavyokatika wakati wa mlipuko ilionekana dhahiri kwa majirani. Nchini Uganda, mwishoni mwa Machi 2020, usafiri wa umma ulipigwa marufuku, kisha magari ya watu binafsi yakazuiwa, na bodaboda hazikuruhusiwa kubeba abiria. Mgonjwa aliyehitaji gari la kumpeleka hospitali alitakiwa kupata kibali cha mwakilishi wa Serikali wilayani. Kwa mwenye kifafa anayeishi kilomita 20 kutoka kliniki, kibali hicho kilikuwa mlima wa pili baada ya mlima wa kwanza. Tanzania haikufunga barabara zake, lakini mtu aliyeambiwa kila siku na redio kwamba mikusanyiko ni hatari alikuwa na sababu ya kuogopa foleni ya kliniki, nao wahudumu walikuwa na kazi nyingine ya haraka.

Mwezi Oktoba 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake katika nchi 130 kuhusu huduma za magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu. Katika nchi 93 kwa kila 100 huduma hizo zilikuwa zimevurugika kwa namna moja au nyingine. Zaidi ya theluthi moja ya nchi zilisema kwamba hata huduma za dharura, zikiwamo za watu wenye degedege lisilokoma, zilikuwa zimeguswa. Tatu katika kila kumi zilitaja upungufu katika upatikanaji wa dawa. Yafaa watumishi wa mipango wazitazame tarakimu hizo kwa makini, kwa sababu hazikutoka katika nchi maskini peke yake.

Kuna na jambo la biashara ya dawa. Machi 2020 India, ambayo ni muuzaji mkubwa wa dawa za bei nafuu kwa Afrika, ilizuia kwa muda kuuzwa nje kwa dawa na malighafi za dawa 26, parasetamoli ikiwa mojawapo. Dawa za kifafa hazikuwamo katika orodha hiyo. Lakini nchi inayongojea meli ndipo ipate vidonge vya mwezi ujao ilipewa onyo. Fenobabitoni ina kikwazo chake cha ziada. Ni dawa inayodhibitiwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 juu ya dawa zinazoathiri akili, hivyo kuiingiza nchini huhitaji vibali na kumbukumbu kuliko dawa nyingi nyingine. Udhibiti huo una sababu zake njema. Lakini katika mlipuko, afisa mmoja anayekaa karantini na faili mezani mwake aweza kuchelewesha shehena nzima, na mkulima wa Ulanga hatajua kamwe kwamba vidonge vyake vilikwama kwenye sahihi moja.

Ulanga imetajwa kwa makusudi. Hapana mahali katika Tanzania ambapo historia ya kifafa imeandikwa kwa kirefu kama milima ya Mahenge, katika wilaya hiyo ya Mkoa wa Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha hapo kliniki ya kifafa miongoni mwa Wapogoro. Aliwakuta wagonjwa wengi wenye makovu ya moto, wanaolishwa peke yao na kulazwa peke yao, kwa sababu watu waliamini kwamba kifafa huambukizwa kwa mate na uchafu wa mgonjwa. Aliwapa fenobabitoni, na wengi walipata nafuu. Lakini taarifa iliyochapishwa mwaka 1992 na Jilek-Aall pamoja na Dakta H. T. Rwiza, iliyofuatilia wagonjwa 164 wa kliniki hiyo kwa muda wa miaka 30, ilionyesha kwamba theluthi mbili yao walikuwa wamekwisha kufariki, na kwamba zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na kifafa chenyewe: degedege lisilokoma, kuzama majini, kuungua moto. Vifo vya namna hiyo hutokea kisimani na jikoni, wala havionekani kutoka ofisini.

Dakta Rwiza na wenzake walichapisha mwaka 1993 uchunguzi mwingine, uliowahoji wakuu wa kaya zaidi ya 3,000 vijijini juu ya fikra zao kuhusu kifafa. Watu wanne hivi katika kila kumi waliamini kwamba kifafa huambukiza, kwa kugusana, kwa pumzi, kwa kula pamoja. Zaidi ya sita katika kila kumi walisema wasingemruhusu mtoto mwenye kifafa kwenda shule. Theluthi moja walisema wakimwona mtu ameanguka wangekaa mbali wasimguse.

Sasa mtu achukue fikra hizo, azipeleke katika mwaka 2020, wakati ambapo Serikali yenyewe, tena kwa haki, ilikuwa inawafundisha wananchi kuogopa mate na pumzi ya mtu mwingine. Povu linalomtoka mgonjwa aliyeanguka sokoni lilikuwa la kutisha tangu zamani, na mlipuko ukaipa hofu ile ya kale sura ya elimu ya kisasa. Kasumba ikishavaa barakoa ya sayansi ni vigumu kuivua. Kwa hiyo ni wajibu wa mwalimu na wa mtumishi kusema mambo mawili kwa mara moja, bila kuyachanganya: UVIKO huambukizwa kwa pumzi na mate, kifafa hakiambukizwi kwa chochote.

Na aliyeanguka anaweza kusaidiwa bila msaidizi kujihatarisha. Msaidizi avae barakoa yake mwenyewe, lakini ya mgonjwa aiondoe upesi, kwa maana mtu mwenye degedege huvuta pumzi kwa shida, na kitambaa kilicholowa mate humziba. Amsogezee mbali vitu vigumu, moto na maji, amlegeze shingo ya shati, amwekee kitu laini chini ya kichwa, kisha amlaze ubavu ili mate yatoke nje. Asimbane mikono wala miguu. Asimtie kijiko, kijiti wala kidole kinywani, na asimnyweshe maji. Atazame saa. Degedege nyingi huisha zenyewe ndani ya dakika mbili au tatu. Likifika dakika tano, au likirudia kabla hajazinduka, ni dharura ya kwenda kituo cha afya, mlipuko uwepo au usiwepo. Baada ya hapo msaidizi anawe mikono kwa sabuni. Hayo yote yaweza kufundishwa katika kipindi kimoja cha darasani, na hakuna haja ya kungojea semina.

Mwaka 2020 uliacha hatari nyingine ambazo hazikuzungumzwa vya kutosha. Wananchi wengi walipiga nyungu, yaani kujifunika blanketi juu ya chungu cha maji ya moto yenye majani. Kwa mwenye kifafa hiyo ni hatari kubwa. Akishikwa akiwa amefunikwa, ataangukia maji yanayochemka, na waliomzunguka hawatamwona mpaka apige kelele, naye hawezi kupiga kelele. Yapo pia mambo ya dawa za kubahatisha. Uvumi wa klorokwini ulienea duniani kote mwaka huo, ingawa Tanzania Bara iliacha kuitumia kwa malaria tangu mwaka 2001. Klorokwini yaweza kuchochea kifafa. Hata dawa halali zaweza kugombana. Ile ya UVIKO yenye nimatrelviri na ritonaviri haipewi mtu anayetumia fenobabitoni, fenitoini au kabamazepini, kwa kuwa dawa hizi huivunja nguvu. Mgonjwa hawezi kutegemewa kuyajua hayo. Kinachotegemewa ni kwamba atasema anatumia nini, na kwamba mganga atamwuliza.

Kuhusu chanjo, iliyozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, wataalamu wa kifafa duniani walikwisha kusema kwamba kuwa na kifafa si sababu ya kuikataa. Homa ndogo inayoweza kufuata hutulizwa kwa parasetamoli, na vidonge vya kifafa huendelea kama kawaida. Jambo hilo lingetangazwa kwa sauti kubwa zaidi lingewapunguzia wasiwasi wazazi wengi.

Shule nyingi zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni 2020. Kwa zaidi ya miezi mitatu mtoto mwenye kifafa alikuwa nje ya macho ya mwalimu. Kwa baadhi ya watoto mwalimu ndiye anayeuliza kama kidonge kimenywewa, na ndiye anayegundua kwamba mtoto ameanza tena kukodoa macho. Daftari la mahudhurio la Julai 2020 lilikuwa na majina ambayo hayakuitikiwa. Je, ni walimu wangapi walioulizia kama miongoni mwao yumo mtoto ambaye kifafa kilimrudia, na ambaye wazazi wake wameamua kimyakimya kwamba shule si mahali pake? Baada ya mlipuko wowote, kufuatilia majina hayo ni kazi ya mwalimu mkuu na ya afisa elimu kata, na haihitaji fedha ya bajeti.

Walimu wakongwe wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo vikundi vilikaa kusikiliza redio na kusoma pamoja, kisha vikatoka kuchimba vyoo. Wakati ule wachache walifikiri kwamba choo ni kinga ya kifafa. Lakini ndivyo kilivyo. Mayai ya tegu wa nguruwe hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, na pasipo choo hurudi kwenye chakula na maji ya jirani, na viluwiluwi vyake huweza kuishia ubongoni.

Kwa Mahenge kuna sababu ya ziada ya hofu. Miongoni mwa watoto wa huko Jilek-Aall aliwaona wale wanaotikisa kichwa kama wasinziao, hali ambayo baadaye ilionekana pia Uganda na Sudan Kusini. Uchunguzi umeihusisha hali hiyo, pamoja na wingi wa kifafa katika mabonde ya mito yenye mkondo wa kasi, na ugonjwa wa usubi, ambao hupigwa vita kwa kugawa ivamektini kwa kijiji kizima kila mwaka. Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri ugawaji wa jumla wa dawa za namna hiyo usimamishwe kwa muda ili kuepuka mikusanyiko. Ushauri ulikuwa na mantiki yake. Lakini minyoo ya usubi haikusimama, na ikiwa uhusiano huo ni kama unavyoonekana, gharama ya mizunguko iliyokosekana italipwa na watoto miaka kadhaa baada ya barakoa kusahauliwa.

Wapo watakaosema kwamba hayo yamekwisha, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura ya UVIKO tarehe 5 Mei 2023. Kagera inawajibu. Mkoa huo ulipatwa na virusi vya Marburg mwezi Machi 2023, na tena Januari 2025. Milipuko hiyo ilidhibitiwa upesi kwa juhudi kubwa za wahudumu, lakini imeonyesha kwamba mpango wa mgonjwa wa kifafa hauwezi kuandikwa siku ya tangazo la mlipuko. Marburg ni ugonjwa wa homa, kutapika na kuvuja damu, na mtu anayeanguka njiani wakati wa hofu ya namna hiyo hatasogelewa na mtu yeyote kama kijiji hakijui tangu zamani kwamba yeye ni mwenye kifafa.

Kinachotakiwa hakina fahari yoyote. Kila zahanati iwe na orodha ya wagonjwa wake wa kifafa, yenye jina la dawa, kiasi cha dozi na jina la ndugu wa kupigiwa simu. Mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii awe na nakala ya wale wa kitongoji chake. Kila mgonjwa awe na kipande cha karatasi mfukoni chenye maelezo hayohayo. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia apewe vidonge vya miezi mitatu badala ya mmoja. Utaratibu huo si mgeni, kwani wanaotumia dawa za kufubaza VVU walikwisha kuanza kupewa dawa za miezi kadhaa kabla ya UVIKO kuingia nchini, na lililowezekana kwa ugonjwa mmoja haliwezi kuitwa ndoto kwa mwingine.

Mganga mfawidhi atasema, na kwa haki, kwamba hawezi kutoa vya miezi mitatu kwa watu wote ikiwa bohari imemletea vya mwezi mmoja. Atasema pia kwamba fenobabitoni nyingi nyumbani ni hatari kwa mtoto anayeokota na kumeza. Hoja ya pili inajibika kwa kopo lenye kifuniko na sanduku lenye kufuli. Hoja ya kwanza inarudi kwa watumishi wenyewe. Zahanati ambayo haikuomba haiwezi kuletewa, na isiyo na orodha ya wagonjwa wake haijui iombe kiasi gani. Mara nyingi dawa za kifafa huombwa kwa kukisia, kwa kutazama zilizotolewa miezi iliyopita, na kwa kuwa zilizotolewa zilikuwa pungufu, ombi jipya nalo huwa pungufu. Mwezi Mei 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana juu ya mpango wa mwaka 2022 hadi 2031 ambao shabaha yake mojawapo ni kuongeza kwa nusu idadi ya watu wanaopata huduma ya kifafa. Kwa mtumishi wa wilaya, mpango huo mkubwa huanzia kwenye fomu ya kuomba dawa kutoka Bohari ya Dawa, katika mstari wa fenobabitoni, ambapo tarakimu iliyoandikwa ama imetoka kwenye orodha ya wagonjwa ama imetoka kichwani.